Ushongo bila samaki, Pangani hongwe watatu: ulivua saa za chai, si saa za maji

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Dodoma, uvuvi nimejifunzia bwawani Mtera, perege na kambale. Desemba iliyopita nilikwenda likizo Pangani na mke wangu na watoto wawili, mmoja miaka 8, mwingine 12. Siku tatu nilivua ufukweni Ushongo, kisha siku mbili mlangoni mwa mto pale mjini. Kila siku tukishakunywa chai, saa tatu hivi, nashuka pwani mpaka saa saba. Ushongo maji yalikuwa yamekwenda mbali hata ikabidi niyafuate kwa miguu. Sikupata hata mmoja, nikapoteza ndoana na risasi kwenye mawe. Pangani nilipata hongwe watatu, mmoja akamchoma mwanangu mkononi. Mwaka huu tunarudi kwa siku sita. Nivue wapi, saa ngapi, na kwa vifaa gani? Boti sikodi, nataka kusimama nchi kavu.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mkono wa mtoto. Huo mkono nitaurudia mbele, kwa sababu dawa yake mlikuwa nayo mezani mlipokuwa mnakunywa hiyo chai.

Jibu lako umeliandika mwenyewe, mahali pawili: "tukishakunywa chai", na "ikabidi niyafuate kwa miguu". Mtera maji hupanda na kushuka kwa msimu. Ukiwakuta perege kwenye visiki leo, kesho asubuhi utawakuta hapo hapo, kwa hiyo mvuvi wa bwawani anajifunza mahali, halafu anajifunza subira. Sisi wa pwani tunaanza na saa. Samaki unayemtaka hakai ufukweni. Anakuja na maji kutafuta chakula, na maji yakitoka anatoka nayo, asije akabaki kidimbwini akawa riziki ya kunguru. Subira yako ya Mtera, ukiitumia saa mbaya Ushongo, itakupa jua la kichwa tu.

Saa zenyewe hazina ugumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku. Kwenye mwambao wetu, siku mwezi unapoandama na siku unapokuwa mpevu, hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Ukifika siku ya saba au ya nane utakuta mambo yamegeuka: saa nne ndiyo maji yamejaa, saa kumi yamekupwa. Jedwali la maji la Tanga lipo, na programu za simu zinalo, lisome. Lakini mtu anayejua mwezi una siku ngapi hakosi kwa mbali, na simu ikizima chaji bado anajua.

Siku za mwandamo na mpevu, pamoja na mbili tatu zinazofuata, ndizo za bamvua. Bahari inapanda na kushuka mita tatu na nusu, wakati mwingine zaidi, na pwani iliyo bapa kama Ushongo hizo mita za kwenda juu zinakuwa mamia ya mita za kwenda mbali. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, tofauti yake mita moja tu hivi, bahari inajivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wewe kwa kuwa maji uliyafuata kwa miguu, ulikuwa bamvua, na saa tatu mpaka saa saba za bamvua ndiyo kukauka kwenyewe. Umesimama mahali ambapo samaki walikuwepo alfajiri na watakuwepo tena alasiri, wewe ukiwa umelala kwenye kivuli cha mwembe.

Mjomba wangu, aliyekuwa mtu wa mshipi hapa Pangani tangu sijazaliwa, alikuwa hana saa ya mkononi. Alikuwa anakaa barazani akitazama vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbia kwenye ukingo wa maji. Wakiwa mbali wametapakaa, anaendelea na kahawa yake. Wakianza kusogea kuelekea nchi kavu, kila wimbi linawasukuma hatua mbili, anainuka anachukua kopo lake la mshipi. Nilidhani ni mbwembwe za wazee, mpaka nilipogundua kwamba sikuwahi kumwona akirudi mikono mitupu zaidi ya mara chache.

Kwa hiyo ufukweni vua muda wa saa mbili za mwisho za maji kujaa, na saa moja ya mwanzo yakianza kupwa. Basi. Zilizobaki waachie wanao wachezee mchanga. Ikiwa muda huo unaangukia machweo au alfajiri, umepata bora ya bora. Chukua siku ya pili baada ya mwezi mpevu: maji yatajaa kama saa kumi na mbili kasorobo jioni, na jua la Desemba huku kwetu linatua saa kumi na mbili na nusu hivi. Ukianza saa kumi utavua maji yanayopanda, utavua jua linalotua, na utakuwa mezani saa mbili kasoro. Kama likizo yako itaangukia maji mafu, yatajaa asubuhi saa tatu, saa nne, na chai yako haitakuwa na kosa; ila siku hizo Ushongo huwa mvivu, nenda mlangoni mwa mto ambako hata maji mafu hayakosi mkondo.

Sasa ile saa nne kavu ya bamvua usiitupe. Shuka nayo pwani, lakini ufito wa kuvulia uache chumbani. Tembea juu ya kile kinachokwenda kuwa bahari jioni. Utaona mchanga umeinuka kama mgongo, sambamba na ufukwe, na upande wa ndani wa mgongo huo kuna bonde refu lililobakiwa na maji ya kifundo au ya magoti. Bonde hilo ndilo barabara ya samaki. Maji yakijaa wataingia kwa kulifuata, kwa sababu ndilo lenye kina na ndilo mawimbi yanakotupa kamba na kaa waliong'olewa mchangani. Tafuta pale mgongo ulipokatika, maji yakitoka kwa mkondo mwembamba: hilo ni lango, na penye lango kuna mlaji anayesubiri. Tazama pia mawe yaliko, yale yaliyokula vifaa vyako. Halafu geuka uangalie nchi kavu, uchague vitu viwili vilivyokaa mstari mmoja, mnazi uliopinda na pembe ya paa la makuti, kwa mfano. Jioni kila kitu kitakuwa kimefunikwa, maji ni yale yale kotekote, lakini wewe ukiupata ule mstari unajua bonde liko mbele ya miguu yako na mawe yako kushoto. Wavuvi wetu wa ngalawa hufanya hivyo hivyo kurudia mwamba ulio chini ya maji, hawaweki boya ambalo jirani ataliona.

Na hapa nije kwenye kosa la pili, ambalo hukulitaja ila nalijua kwa kuwa kila mgeni analo: unatupa mbali mno. Mtu akiona bahari kubwa anadhani samaki wako kwenye upeo. Anafunga risasi nzito, anakimbia hatua tano, anazungusha kwa nguvu zote, chambo kinapeperuka na kuchomoka hewani, ndoana tupu inatua juu ya mawe. Bonde ulilolitazama asubuhi liko hatua ishirini au thelathini kutoka unaposimama. Chaa hula kwenye maji ya mapaja. Kolekole wadogo nimewaona wakikimbiza uduvi kwenye maji ambayo mgongo wao unachungulia nje. Tupa karibu, kwa kutua polepole, na ukikosa basi ongeza hatua kumi.

Vifaa havitakufilisi. Ufito wa kujikunja wa mita tatu na rili ya kawaida unatosha, uzi wa nailoni wa milimita 0.35. Kama hutaki ufito, mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki ya maji unavua vilevile, na nusu ya mtaa wangu ndio unaotumia. Kinachohitaji akili ni mwisho wa uzi. Kata nailoni ya pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Funga juu yake vitanzi viwili vinavyojitokeza pembeni kama vidole, kila kimoja nusu shubiri, viachane kama mkono mmoja ili visikumbatiane. Tia ndoana kwenye kila kitanzi. Ndoana iwe ndogo, ile ambayo ukiilaza juu ya ukucha wa kidole gumba inakaribia kuenea. Midomo ya chaa ni midogo, na kolekole wa kilo mbili hatoki kwenye ndoana ndogo ikiwa ni kali.

Chini kabisa ndipo pa uzito. Achana na risasi za kununua. Pita kwa fundi magari, muombe plagi kuukuu, atakupa bure fungu zima. Funga plagi moja, lakini kwa uzi dhaifu kuliko ule wa mshipi wenyewe, uzi wa kushonea uliokunjwa mara mbili unatosha. Plagi ikinasa kwenye jiwe, ukivuta inakatika yenyewe, na ndoana zako mbili zinarudi nyumbani, pengine na samaki juu. Hiyo moja tu ingekuokolea vifaa vyako vyote vya mwaka jana. Ila ukikwama, tembea kushoto na kulia kwanza ukijaribu kuinasua kwa pembe tofauti, maana plagi baharini si mapambo.

Ukishatupa, usichomeke ufito mchangani ukaenda kupiga soga. Shika, uzi ukaze kidogo, kidole cha shahada juu yake. Mawimbi utayasikia yakisukuma na kuachia, mwendo mmoja kama kupumua. Chaa anapofika anakatiza hiyo pumzi: tuk, tuk-tuk. Mpe la tatu, kisha inua mkono, si kwa kurusha mtu. Kolekole habishi hodi, anaondoka nayo tu, uzi unalala upande na rili inalia. Na ukisikia uzi umelegea ghafla, usidhani umekatika, kunja haraka. Mara nyingi samaki anakuja upande wako. Kumtoa, usishindane na wimbi. Linapovuta kurudi baharini simama tu umzuie, linapokuja tembea kinyumenyume, litakuletea samaki hadi miguuni.

Chambo: kamba wabichi, na ninasema wabichi, si wale waliopita kwenye sufuria. Wanunue asubuhi, uwaweke kwenye kopo lenye kitambaa kilichoroweshwa maji ya bahari, kivulini. Kwa chaa menya, kata vipande vidogo kama punje ya hindi. Kwa changu na yule samaki aitwaye tembo acha ganda, toa kichwa, pitisha ndoana kuanzia mkiani hadi ncha ichomoze tumboni. Badilisha kila robo saa hata kama hukuguswa, kwa maana maji yanaufua utamu wote na unabaki umetundika kipande cha plastiki. Ngisi aliyekatwa mkanda mwembamba ni mgumu, hatoki kwenye ndoana, ndiye wa kutumia siku wadogo wanapokuibia. Ukikuta uzi wako unarudi umekatwa safi kama kwa mkasi, huyo ni bunju. Hama hatua hamsini. Na ukimpata akajivimbisha kama mpira, watoto watacheka, lakini mrudishe. Sumu yake haitoki kwa kupikwa, na pwani hii anajulikana kwa kuua.

Twende mlangoni mwa mto. Maji ya Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita mabwawa ya umeme, na yakifika hapa yanabeba rangi ya nchi yote yaliyopita. Hongwe wako watatu ndio waliokueleza ulikuwa wapi: kwenye tope la chini, maji yamesimama au karibu kusimama, na chambo chenye harufu. Hukusema ulitumia nini, ila ningebahatisha dagaa wa jana. Hongwe ni fagio la mto, anakula kilichooza na kilichozama. Si samaki mbaya mezani, mchuzi wake wa nazi nimeula sana, ila hukusafiri toka Dodoma kumfuata, huyo ni shemeji yake kambale.

Mtoni kanuni inageuka. Ufukweni unavua maji yakija. Mtoni vua yakitoka, kuanzia nusu saa baada ya kujaa, muda wa saa mbili au tatu. Yakiwa yamejaa yanaingia kwenye mikoko, na mikokoni ndiko kuliko na kamba wadogo, kaa, na vijisamaki. Yakianza kupwa yanavibeba vyote nje, na wakubwa wanajipanga njiani. Simama uyatazame kwanza. Utaona mstari, upande mmoja maji ya chai ya maziwa, upande wa pili ya kijani. Tupa kwenye huo mstari, upande wa maji safi, uache mkondo uburure chambo. Huku vidole viwili na plagi havifai, vinajisokota. Tumia chubwi, yaani kizito cha kuzamisha uzi, dogo lililotobolewa, uzi upite ndani yake, chini funga kifundo cha kulizuia, kisha pima nusu ya nailoni na ndoana moja. Samaki akichukua anavuta uzi peke yake, hasikii uzito, na wewe una nafasi ya kupumua.

Upande wa mjini kuna ukuta wa kingo, ni mahali pazuri kwa familia kwa kuwa unakaa juu na miguu mikavu. Acha nafasi kivuko cha Bweni kinapoelekea na boti zinapotia nanga. Lakini usiingie majini mlangoni hapo hata kwa magoti. Bamvua ikitoka, mto na bahari vinakwenda upande mmoja, na mwanamume mzima anang'olewa kama kifuu. Tena kule juu mtoni mamba wamo. Siku ukikuta mto mwekundu kwa mvua za vuli za bara, usijisumbue, rudi Ushongo.

Ukiona mkizi wanaruka pale kingoni, usiwatupie kamba, hawamjui. Finyanga mkate na unga kidogo, tonge dogo kama pilipili manga kwenye ndoana ndogo sana, na boya la kipande cha ndala kuukuu, livue juujuu. Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, wakimkusudia yule anayerukia mtumbwini mwenyewe. Wa kingo hana hasira hizo. Anaonja, anatema, anaonja tena. Mimi huwaachia vijana.

Sasa mkono wa mtoto. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni nyuma ya kichwa, ina sumu. Tasi naye anachoma, na taa ana mwiba wa mkiani ambao ni mbaya kuliko wote hao. Dawa ya kwanza ni maji ya moto. Tumbukiza mkono au mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, uyajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe maana aliyechomwa hasikii vizuri joto, akae nayo nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiyaongeza yanapopoa. Sumu yao inavunjwa na joto, na maumivu hushuka ukiwa unatazama. Kisha hospitali, mwiba usije ukawa umebaki ndani. Ndiyo maana nilisema dawa ilikuwa mezani: shuka pwani na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, kila siku. Hongwe usimshike kwa mkono mtupu. Mkanyage kwa kiatu, mtoe ndoana kwa koleo. Na ukiingia majini usinyanyue miguu, iburute mchangani. Taa akisikia unakuja anaondoka, ukimkanyaga hana njia nyingine. Vaeni viatu, mwambani kuna miiba myeusi na kuna samaki-jiwe anayefanana na jiwe kweli.

Hatari moja haichomi lakini ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa wageni wenye watoto. Ule mgongo wa mchanga niliokusifia unavutia kusimama juu yake. Maji ya bamvua hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanaanza polepole, na katika saa ya tatu na ya nne peke yake hupanda nusu ya safari yote. Tena hayaji kwa mbele. Yanazunguka yanajaza bonde nyuma yako. Niliwahi kusimama funguni na samaki wanakula vizuri, maji ya kifundo, nikageuka kwenda kuchukua chambo nikakuta nyuma yangu ni ya kifua. Nilivuka nimebeba ufito kichwani, chambo na kikapu nikaviachia bahari. Nilikuwa mtu mzima na naijua pwani hii. Basi simama upande wa nchi kavu wa bonde, siku zote.

Kabla ya kutupa, piga hodi ofisi ya uvuvi ya wilaya hapo Pangani uulizie leseni ya mtu anayevua kwa burudani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuvua bila kibali kwa sababu tu yuko likizo. Ulizia na mipaka, kwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, inashika mwambao kuanzia mlango wa mto kwenda kaskazini hadi ng'ambo ya Tanga mjini, na ina masharti yake. Kisiwa cha Maziwe ni eneo tengefu, huko hakuvuliwi kabisa. Kijijini nako toa salamu kwanza. Mtu wa BMU, kamati ya kijiji inayosimamia uvuvi, atakuonyesha nyavu zilipotegwa, uzio wa nani uko wapi, na mashamba ya mwani ya akina mama yasiyotakiwa kupitiwa na ndoana yako. Ukisikia mshindo baharini kisha samaki wakaelea, hao ni wa baruti. Usiokote, hata kama kila mtu anaokota.

Siku ya kwanza mkifika, nakushauri usivue kitu kikubwa. Nunua kamba robo kilo, mfungie kila mtoto mshipi wa pima kumi kwenye chupa yake ya plastiki, ndoana moja ndogo, na uzito wa nati. Wasimame maji ya kifundo bonde linapoanza kujaa, watupe hatua kumi tu. Chaa wadogo wa fedha watakuwa wa kwanza kuingia, kabla ya wote. Wadogo mno warudishe, wa kiganja wawekeni kwenye ndoo, usiku mwombe mpishi awakaange wakauke, wanaliwa na mifupa yake. Wewe shika taulo na chupa ya maji ya moto. Kazi yako siku hiyo itakuwa kumenya kamba, na yule wa miaka 8 hatakupa nafasi ya kukaa.